Kiasi Kwanza, Kisha Namba

Kadi ya kredo ya Bamba, ya kampuni ya simu ya Safaricom, ilikwanguliwa kwa ukucha, kwa sarafu, au kwa ncha ya ufunguo. Mfanyabiashara wa soko la Kariokor jijini Nairobi, awe muuza vyondo au fundi wa ndala za ngozi, alibonyeza nyota, akaandika 141, akaweka nyota nyingine, akafuatisha tarakimu zilizojitokeza chini ya ile rangi, kisha akamalizia kwa heshi na kitufe cha kijani. Punde simu ikamjulisha kwamba kredo imeingia. Hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa ameandika amri ya kompyuta yenye kigezo kimoja, na wala hakuhitaji kuambiwa.

Sambaza, huduma ya kumtumia mtu mwingine kredo, ilipokuja katikati ya miaka ya 2000, vigezo vikawa viwili. Nyota, 140, nyota, kiasi, nyota, namba ya mpokeaji, heshi. Kiasi kwanza, kisha namba. Anayemtumia mamake kule Machakos kredo ya shilingi 50 hana ruhusa ya kugeuza mpangilio huo, kwa sababu mtambo hausomi nia. Umeelezwa tu kwamba kilichokaa nafasi ya kwanza ni pesa na kilichokaa nafasi ya pili ni mtu. Kabla mtindo wa nyota haujazoeleka, hata ujumbe mfupi ulifanya kazi hiyo: mtu aliandika kiasi, heshi, namba, akatuma kwa 140. Kitenganishi kilikuwa kingine, mpangilio uleule.

Kigezo cha amri, ambacho wanaprogramu wa Nairobi hukiita agumenti, kwa kawaida husimuliwa kama mali ya watu wa skrini nyeusi na herufi za kijani. Simulizi hilo linaacha pengo kubwa. Katika Afrika Mashariki waliopitisha vigezo kwa kidole gumba, juu ya simu ya mulika mwizi, ni wengi kuliko waliowahi kufungua terminali, na mambo yaliyowasumbua ni yaleyale: mpangilio, nafasi iliyoachwa wazi, jina lenye maneno mawili, na sifuri ya mwanzo.

Chanzo cha vigezo vya amri kiko Cambridge, Massachusetts. Novemba 1961 Fernando Corbató na wenzake wa chuo cha MIT walionyesha mfumo wa CTSS, uliowezesha watu kadhaa kutumia kompyuta moja kubwa kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa na mashine yake ya kuchapia. Kabla ya hapo mtu alimwachia mhudumu rundo la kadi zilizotobolewa, akaenda zake, akarudi baada ya saa nyingi kuchukua majibu. Sasa aliandika amri, akajibiwa papo hapo. Raha hiyo ilikuja na uchovu wake. Mfaransa Louis Pouzin, aliyefika MIT mwaka 1963, alichoka kuchapa mfuatano uleule wa amri kila mara huku kinachobadilika kikiwa jina la faili tu. Akaunda programu iliyoitwa RUNCOM. Ilisoma amri kutoka kwenye faili na kuzitekeleza moja baada ya nyingine, na kila ilipokuta neno lililotengewa kubadilishwa, iliweka mahali pake lile ambalo mtumiaji aliliandika mbele ya amri.

Hiyo ndiyo skripti yenye vigezo. Mwaka 1965 Pouzin aliandika waraka mfupi uliopendekeza kwamba mfumo mpya wa Multics uwe na programu maalumu ya kupokea amri na kuziunganisha, akaipa jina la sheli. Aliyeiandika sheli ya kwanza ya Multics ni Glenda Schroeder. Pouzin alirudi Ufaransa, na huko akaongoza mradi wa CYCLADES, ambao mawazo yake yaliingia baadaye katika intaneti. Lakini RUNCOM haikufa kabisa. Herufi mbili za ufupisho wake, rc, zimo hadi leo katika majina ya mafaili ya mipangilio kama .bashrc, ambayo kila mwanafunzi anayeanza Linux huyakuta bila kujua yametoka wapi.

Kituo kilichofuata ni Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu, na jambo hili linastahili kuangaliwa mara mbili. Mwaka 1968 simu za vitufe za Bell ziliongezewa vitufe viwili vilivyokuwa havina kazi kubwa wakati ule: nyota na heshi. Mwaka uliofuata Ken Thompson alianza kuandika mfumo wa Unix katika maabara hizohizo. Mkondo wa terminali na mkondo wa simu, ambayo ingekuja kukutana mikononi mwa wachuuzi wa Nairobi, ilitoka nyumba moja.

Sheli ya Thompson ilitoka na toleo la kwanza la Unix mwaka 1971. Ndani ya skripti, alama ya dola na tarakimu ilisimama badala ya kigezo: $1 cha kwanza, $2 cha pili, hivyo hadi $9. Mwaka 1979, pamoja na toleo la saba, Stephen Bourne alileta sheli iliyojua mengi zaidi. Ilikuwa na $# ya kueleza vigezo vimefika vingapi, "$@" ya kuvichukua vyote bila kuviharibu, na amri ya shift iliyosogeza foleni ili cha pili kiwe cha kwanza. Bash, sheli ambayo Brian Fox aliitoa mwaka 1989, ilirithi karibu yote hayo. Anayeandika skripti ya kwanza leo anatumia alama zilizokwisha kuzeeka.

Tuseme kijana wa Kariokor anataka kumwandikia mjombake, muuza ndala, skripti ya risiti. Mistari minne inatosha:

jina=$1
bei=$2
idadi=$3
echo "$jina: $((bei * idadi))"

Anaiita risiti.sh, kisha anaandika: bash risiti.sh Wanjiru 450 12. Jibu linatoka: Wanjiru: 5400. Mjomba anafurahi. Siku ya pili anakuja mteja anayetaka majina yake mawili yatokee, naye kijana anaandika: bash risiti.sh Mary Wanjiru 450 12. Sheli hukata mstari kila inapokuta nafasi, kwa hiyo "Mary" anakuwa jina, "Wanjiru" anakuwa bei, na 450 inakuwa idadi ya ndala. Wengi wangetarajia kosa litangazwe kwa kelele. Bash haisemi kitu. Inapokuta neno mahali pa namba, hulichukulia kuwa jina la kisanduku cha kumbukumbu, hukitafuta, hukikosa, na kukihesabu kuwa sifuri. Risiti inasema: Mary: 0. Ndala 12 zimeondoka bure.

Dawa yake ni alama za kunukuu. Ukiandika "Mary Wanjiru" ndani ya alama hizo, sheli huyashika maneno mawili kuwa kigezo kimoja. Dawa ya pili ni ya mwandishi wa skripti mwenyewe: kabla ya hesabu yoyote aulize $# ni ngapi, na kama si 3, aseme amri huandikwaje, kisha aache kazi hapohapo. Mstari wa Mary Wanjiru ulikuwa na vigezo vinne, kwa hiyo ungekamatwa mlangoni. Anayeandika skripti bila ukaguzi huo amemwachia mteja kazi ya kugundua makosa, na mteja aliyepewa risiti ya sifuri hana haraka ya kulalamika.

Kuna mtego mwingine ambao vitabu vya Marekani havina sababu ya kuutilia mkazo. Namba za simu za Kenya huanza kwa sifuri. Katika hesabu za Bash, tarakimu zinazoanza kwa sifuri husomwa kwa kipimo cha nane, ambacho hakina 8 wala 9. Ukiipa 0722 kama namba ya kuhesabu, inaelewa 466. Ukiipa kitu kinachoanza kwa 08, inagoma. Namba ya simu ibaki maandishi tangu inapoingia hadi inapotoka; kuijumlisha hakuna maana hata hivyo.

Kariokor inalijua tatizo la majina tangu kuzaliwa kwake. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia palikuwa na kambi ya wapagazi wa Carrier Corps, kikosi kilichoongozwa na Oscar Watkins, nacho ndicho kilichouachia mtaa jina. Mamia ya maelfu ya wanaume wa Afrika Mashariki walibebeshwa risasi na vyakula katika vita dhidi ya Wajerumani upande wa kusini, na makumi ya maelfu hawakurudi. Maradhi na njaa viliua wengi kuliko bunduki. Makarani waliokuwa wakiwaandikisha walikabiliwa na majina yanayofanana kutoka kijiji hadi kijiji, yakiandikwa na watu wasiojua lugha yake. Kwa hiyo mpagazi alisajiliwa kwa namba. Namba ililisaidia jeshi kuhesabu watu wake; jamaa za marehemu haikuwafaa sana, kwa maana mishahara mingi ya waliokufa haikuwafikia warithi wao.

Turudi kwenye simu. Wahandisi wa Ulaya walioandika kanuni za GSM, mfumo wa simu za mkononi, hawakutunga mawimbi peke yake, walitunga na sarufi ya vitufe. Amri huanza kwa alama ya kitendo: nyota moja ni kuwasha, heshi moja ni kuzima, nyota na heshi ni kuuliza, nyota mbili ni kusajili, heshi mbili ni kufuta. Baada yake huja namba ya huduma, kisha vigezo visivyozidi vitatu vinavyotenganishwa kwa nyota, halafu heshi ya kufunga. Mfano ni **61*namba*11*20#. 61 ni huduma ya kuhamisha simu zisizopokelewa; kigezo cha kwanza ni namba zinakohamishiwa; 11 ni aina ya mawasiliano, yaani simu za sauti; 20 ni sekunde za kusubiri. Asiyetaka kutaja aina huacha nafasi yake wazi: **61*namba**20#. Nyota mbili zilizobanana humwambia mtambo kwamba kigezo cha kati kipo lakini ni kitupu. Kazi hiyohiyo, katika sheli, hufanywa na alama mbili za kunukuu zisizo na kitu ndani.

Ni sarufi nzuri kuliko sifa inayopewa. Ina mpangilio, ina njia ya kuruka kigezo, ina kitendo cha kufanya na cha kufuta. Unix yenyewe ilichukua miaka mingi kupata nidhamu kama hiyo. Kwa muda mrefu kila programu ilisoma vigezo vyake kwa mtindo wake, mpaka kampuni ya AT&T ilipoeneza zana ya getopt, ambayo msimbo wake ulitolewa kwa umma mwaka 1985, na mradi wa GNU ukazoesha watu chaguo ndefu zenye vistari viwili, kama --help.

Kanuni za GSM zilitosha kwa huduma zilizokwisha kutajwa ndani yake. Kampuni za simu zilitaka huduma zao wenyewe, na hapo ndipo USSD ilipopata kazi: namba ambayo kanuni haziijui hupelekwa kama ilivyo hadi kwenye mtambo wa kampuni, nao hujibu wakati mtu yuko hewani, katika ujumbe usiozidi herufi 182. *144# ikawa salio. *141* ikawa kadi. *130* na namba ikawa ombi la bure la kupigiwa, lile ambalo wasio na kredo walilitegemea kila jioni.

M-Pesa, huduma ya Safaricom ya kutuma pesa kwa simu, ilichagua njia nyingine. Ilifanyiwa majaribio kuanzia Oktoba 2005, Nairobi na Thika, kwa ushirikiano na Faulu Kenya, ikafunguliwa kwa umma Machi 2007. Badala ya mstari mmoja, walioibuni waliweka menyu ndani ya laini yenyewe: chagua kutuma pesa, andika namba, andika kiasi, andika PIN, kubali. Kila kigezo kiliulizwa kwa jina lake. Atakayetazama kwa makini ataona kichekesho. Kampuni ni ileile na vigezo ni vilevile viwili, lakini Sambaza inataka kiasi kwanza na M-Pesa inataka namba kwanza. Katika mstari mmoja ugeuzi huo ungeleta balaa. Katika menyu hakuna aliyeuona, kwa sababu swali lenyewe limebeba jina la kinachotakiwa. Ndiyo faida ya menyu, na bei yake ni muda. Aliyezoea *544# ya bando haifuati menyu hatua kwa hatua. Huunganisha machaguo yake kwa nyota tangu mwanzo, akafika alikokusudia kwa mpigo mmoja, na Pouzin angemwelewa mara moja.

Menyu haikuondoa makosa yote. Tarakimu moja ikikosewa, namba inabaki sahihi kwa umbo, ila ni ya mtu mwingine. Ukaguzi wa $# hauwezi kulikamata kosa la namna hiyo. Safaricom ilileta Hakikisha, inayoonyesha jina la mpokeaji kabla pesa hazijaondoka, na njia ya kuusambaza ujumbe wa muamala kwa 456 ili kuomba urudishwe. Kwa wenye biashara, Lipa na M-Pesa ya mwaka 2013 iliwapa wauzaji wadogo namba ya till: kigezo kimoja na kiasi. Paybill huongeza namba ya akaunti. Anayenunua umeme wa tokeni huandika 888880, kisha namba ya mita, naye hana budi kujua kwamba mita ndiyo akaunti.

Mwaka 2010 ilianzishwa Nairobi kampuni ya Africa's Talking, ambayo ilimfungulia mwanaprogramu wa kawaida mlango wa USSD. Hapa ule mkondo wa simu na ule wa skripti inaungana waziwazi. Mteja anapopiga namba ya huduma, seva ya mwanaprogramu hupokea vitu vinne muhimu: kitambulisho cha kikao, namba ya huduma, namba ya simu ya mteja, na maandishi yaitwayo text. Mwanzoni text ni tupu. Mteja akichagua 1, inakuwa "1". Akiandika bei ya 450, inakuwa "1*450". Akiandika idadi ya 12, inakuwa "1*450*12". Kazi ya skripti ni kuikata kwenye nyota, kuhesabu vipande, na kuamua iko hatua gani. Jibu likianza kwa CON, kikao kinaendelea. Likianza kwa END, kinafungwa. Jina la Mary Wanjiru hapa halina shida yoyote, kwa kuwa kitenganishi ni nyota, nafasi ya katikati haikatwi.

Shida huhamia kwingine. Watu wamezoea kubonyeza 0 kurudi nyuma. Text, hata hivyo, haifuti kitu, huongezeka tu. Aliyechagua 2, akajuta, akabonyeza 0, kisha akachagua 1, anaacha nyuma yake "2*0*1". Skripti inayotazama nafasi ya kwanza itasoma 2 na kumpeleka alikokwisha kukataa. Mwandishi mwangalifu huipitia orodha kwanza, kila anapokuta 0 ya kurudi huifuta pamoja na kigezo kilichoitangulia, na kilichosalia ndicho anachokitumia. Hata hilo lina mpaka wake: kama swali lilikuwa idadi ya watoto, sifuri ni jibu halali. Ndiyo maana wengine huchagua 00 au 98 kwa kurudi.

Kule Dar es Salaam, ambako Kariakoo ilipata jina lake kutoka kikosi kilekile, Watanzania walipanga vigezo vyao kwa namna ya kuvutia. Huduma za pesa za simu zilianzia 150 kwa wote: *150*00# ni M-Pesa ya Vodacom, *150*01# ilikuwa Tigo Pesa, *150*60# ni Airtel Money. Amri ni moja na kigezo chake humtaja mtoa huduma. Kenya haikuwa na utaratibu huo, na mwenye laini mbili alilazimika kukariri namba zisizo na undugu.

Kigezo kinachosomwa bila kuulizwa kimetoka wapi ni mlango wa wezi. Septemba 2012 mtafiti Ravishankar Borgaonkar alionyesha, katika mkutano wa usalama wa kompyuta nchini Argentina, kwamba kiungo kilichofichwa ndani ya ukurasa wa wavuti kiliweza kuzifanya baadhi ya simu za Samsung zijipigie msimbo wa kufuta kila kitu. Simu haikutofautisha kidole cha mwenyewe na maandishi ya mgeni. Nchini Kenya matapeli hawakuhitaji hata ukurasa. Walijifanya watu wa huduma kwa wateja, wakampigia mtu na kumwomba kwa upole abonyeze *33*0000* na tarakimu nyingine chache. Maonyo dhidi ya ujanja huo yalienea. Kwa sarufi ya GSM, 33 ni kuzuia simu zinazotoka, na 0000 ni nywila ambayo wengi hawajawahi kuibadilisha. Aliyetii hujikuta hawezi kumpigia mtu, wakati ambapo laini yake inahamishwa kwingine na anahitaji kumpigia mtoa huduma haraka. Amri ya kuondoa kizuizi hicho ni ileile, nyota ya mwanzo ikigeuzwa heshi: #33*0000#.